Mpaka Mama Amalize Kusalimia

Nyumbani,
Chumba cha mbele, dirisha la barabarani.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa Kaka,

Shikamoo. Pokea salamu tele kutoka kwa mdogo wako, yule uliyembandika jina la Bi Kwa Nini hata kabla hajamaliza kuota meno, na jina likaganda mpaka leo. U mzima? Mgongo unaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema kuna lifti mbovu iliyokulaza chali kutwa nzima ukiitengeneza, umeshika bisibisi mdomoni kama mbwa aliyeokota mfupa. Wifi hajambo? Na mapacha, wameacha kugombania kiti cha dirishani, au bado mnawahukumu kila asubuhi?

Sisi huku ni wazima wa afya. Mama mzima, mimi mzima, hata paka wa jirani, anayetuhesabu kuwa sisi ni watu wake, naye mzima. Nimeandika hivyo nikacheka peke yangu, maana neno "mzima" ndilo lililonisumbua muhula huu mzima, na utaona kwa nini.

Nimeamua kukuandikia badala ya kupiga simu kwa sababu nyumba yetu unaijua: ukinong'ona chumbani, wa jikoni anaitikia. Na swali lako halijibiki huku Mama amekaa ubavuni anakunja nguo. Umeniuliza safari mbili sasa, na ya pili uliuliza kwa ukali kidogo: Mama akistaafu mwisho wa mwezi huu, anakuja kuishi kwenu huko ughaibuni kwenye baridi au haji? Ukasema unataka jibu moja, lililonyooka, kwa kuwa yeye kila ukimuuliza anakwambia "nitakuja Mungu akipenda", na huelewi hiyo ni ndiyo au ni hapana. Jibu ninalo, nami nitakupa. Lakini unanijua, mimi sijui kufika mahali bila kuzunguka. Nivumilie.

Nianze na masomo, kwa sababu ndiyo yaliyotufikisha hapa. Mwaka huu wa pili tumeingia kwenye saikolojia chanya. Ukimtajia mtu jina hilo anadhani unasomea kucheka. Fundi cherehani wa hapa chini aliniuliza kama nikihitimu nitaajiriwa kwenye maharusi. Nikamweleza kwamba wanasaikolojia kwa muda mrefu walishughulika zaidi na yale yanayomvunja mtu, na sisi tunauliza pia yale yanayomsimamisha: nini kinamfanya aamke na hamu ya siku yake, awe na watu wake, aone kazi ya mikono yake ina maana. Alinisikiliza pini zikiwa mdomoni, kisha akasema, "Kumbe mnasomea watu wasioumwa! Hiyo kazi tamu, hakuna wa kukufia mikononi." Nilikipeleka kisa hicho darasani, watu wakavunjika mbavu.

Mhadhiri wetu tumempa jina la Bwana Wastani. Ukimletea habari za mtu mmoja, hata kama mtu huyo ameokoka moto, yeye anauliza, "Na wastani je?" Ana uso wa mazishini, Kaka. Anaingia, anaeleza utafiti wa furaha kwa sauti ya mtu anayetangaza msiba, anatoka. Mwanzoni nilikuwa na hakika ana matatizo nyumbani kwake. Siku moja nikamkuta kantini, peke yake na gazeti, anacheka mpaka mabega yanaruka, nikaona aibu kwa kumhukumu.

Kuna jambo moja alilotufundisha lililonikaa kichwani. Anasema binadamu si hodari wa kutabiri kitakachomfurahisha. Mtu anaapa kwamba akihamia nyumba kubwa hatakasirika tena maishani. Anahamia, muda kidogo anaizoea, anaanza kulalamikia bomba. Kinachotutisha nacho ni hivyo hivyo, mara nyingi kikishafika tunakuta tuna nguvu zaidi ya tulivyojidhania. Nikamuuliza, bila shaka, kwa nini. Akanieleza kwa kirefu, halafu akaongeza kwamba ikiwa kujitabiria wenyewe kunatushinda, kuwatabiria wenzetu ndiyo hatari kabisa. Nikaliandika hilo, nikalipigia mstari, nikafunga daftari nikaenda zangu kula.

Sasa utafiti wenyewe. Kila mwanafunzi alitakiwa ampate mtu mmoja aliyestaafu au anayekaribia kustaafu, akubali mwenyewe kushiriki. Mimi nikamchukua Mama. Aliuliza kama kuna sindano. Nikamwambia hakuna, kuna kengele tu: simu yake italia wakati wowote wa mchana au jioni, bila mpango, na kila ikilia atasema anafanya nini na hali yake ikoje muda ule, kuanzia moja mpaka kumi. Ukimuuliza mtu leo wiki yako ilikuwaje, anakutungia hadithi. Ukimkamata hapo hapo alipo, unapata ukweli wenyewe. Hivyo ndivyo tulivyoamini.

Basi kengele ikalia. Mama yuko kwenye chumba cha kufulia cha hospitali, mashine zinanguruma, mashuka ya wodi nzima yanamngoja. Hali? Kumi. Ikalia yuko kwenye foleni ya duka la dawa. Kumi. Ikalia ndiyo kwanza amejigonga goti kwenye toroli la nguo, nimelijua jioni nilipomwona anachechemea. Kumi! Nikamwambia, "Mama, goti limevimba hivi, kumi imetoka wapi?" Akanishangaa. "Si uliniuliza hali? Ulitaka nikujibu vibaya?"

Nilipanga nimfiche Bwana Wastani matokeo yangu. Kufika darasani, kumbe wote tumekwama kwenye tope moja. Baba mwenye nyumba wa mwenzangu, kumi. Bibi wa mwingine, aliyelazwa, kumi. Bwana Wastani aliyasoma ubaoni moja baada ya jingine kwa sauti yake ile ile ya msiba, akavua miwani, akasema, "Hongereni. Mmegundua kwamba hakuna mwenye dhiki."

Aliyetukwamua ni dada mmoja ambaye kabla ya kujiunga na chuo alikuwa karani wa mapokezi kwenye zahanati. Alisema kule mgonjwa anaingia amejikunja, ameshika tumbo, jasho linamtoka. Unamwambia hujambo, anasema sijambo. Habari za tangu asubuhi? Nzuri. Za nyumbani? Salama. Halafu ndipo anasema, "Ila nimetapika tangu jana, nasikia kizunguzungu." Kama karani ni mgeni wa kazi, akishasikia sijambo anaandika sijambo, anamwita anayefuata. "Sisi hatujapima hali za wazazi wetu," alisema. "Tumepima adabu zao."

Kaka, laiti ungeona darasa lilivyochemka! Kila mtu ana mfano wake. Bwana Wastani akaburuta kiti akakaa katikati yetu, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mwisho wa ubishi tukakubaliana kuubadili utaratibu wote. Kengele ikilia, inalia kwangu, nami nampigia mshiriki wangu. Namsalimia sawasawa, kama mtoto aliyelelewa: habari za kazi, za tangu nilipokuacha, goti je, wenzako hawajambo. Majibu yote hayo siyaandiki. Nikishamaliza nasema tu, "Enhe," kisha nanyamaza. Kinachokuja baada ya hapo ndicho ninachokiandika, na namba naiomba hapo. Bwana Wastani alituonya kwamba kunyamaza ndiyo sehemu ngumu, na kwangu mimi, unaweza kukisia, ilikuwa adhabu.

Siku ya kwanza nilimpata Mama chumba cha kukaushia. Nzuri, nzuri, salama tu, goti linapoa. Enhe. Kimya. Nikasikia mashine. Nikajikaza kisabuni nisiseme kitu. Halafu: "Ila leo msimamizi mpya amenipokonya funguo za stoo kama vile nimeshaondoka. Weka nne." Nilikaribia kushangilia. Sikuwa nimefurahia nne yake, usinielewe vibaya. Nilikuwa nimesikia sauti ambayo sijaisikia miaka mingi, ya Mama anayesema jambo lake.

Hapa lazima nikwambie nilikuwa na kichwa gani wakati huo. Jibu lako nilikuwa nimeshalipata zamani. Nilijua Mama haji. Nilijua amezoea ngazi hizi, barabara hii, kiti cha marehemu Baba, na kwamba huko kwenu angekaa ndani na soksi mbili anahesabu magari. Nilikuwa nimeshapanga apumzike hapa hapa: tupake rangi chumba chake, tusogeze kochi dirishani, mimi nikirudi chuoni tupike pamoja, jioni tutembee mpaka kwenye duka la vitabu na kurudi. Utafiti ulikuwa wa kuniletea ushahidi wa kukutumia, na namba ikiwemo, ili usibishe.

Kengele moja ililia mchana wa Jumatano. Nikampigia, nikamsalimia. Alikuwa anahema. Enhe, nikasema. Akaanza kucheka, kile kicheko chake cha puani. Kumbe sista mmoja wa wodi ya watoto, aliyewahi kuishi nchi za baridi, amemwazima koti lake la manyoya alipime. Wamejifungia yeye na wenzake kwenye chumba cha kukaushia, mahali penye joto kuliko pote hospitalini, na Mama amevaa koti mpaka shingoni, na kofia, anatembea katikati ya mashuka huku wenzake wanampulizia feni wakimwambia hiyo ndiyo theluji. Jasho linamchuruzika. "Weka tisa," alisema. "Hapana, weka tisa na nusu, kama inaruhusiwa."

Nikaandika. Nikajiambia ni mzaha wa kazini, watu wamefurahi, basi.

Lakini Ijumaa kengele ililia nikiwa nyumbani, jioni, Mama yuko jikoni hatua mbili kutoka kwangu. Nilikuwa nimetoka kumwonyesha rangi ya ukuta, samawati iliyopoa, nimemweleza kochi litakaa wapi. Nikaona ni upuuzi kumpigia simu mtu ninayemwona, nikamsalimia hivyo hivyo ana kwa ana, akaitikia huku anafuta meza. Enhe. Alifuta meza muda mrefu sana. Kisha akasema, "Tatu," akaenda kuanika kitambaa.

Nilikaa na hiyo tatu usiniulize nilivyokaa. Nilirudi nyuma kwenye majibu yake yote, nikiyapanga kama tulivyofundishwa, na kadiri nilivyoyapanga ndivyo nilivyopigwa na butwaa. Kazini alikuwa anapanda na kushuka kama mtu yeyote. Akizungumza na mapacha, juu. Akisikiliza kwenye simu yake masomo ya lugha ya huko kwenu, kumbe anayasikiliza akiwa njiani, ameyaficha chini ya nyimbo za kanisani, juu kabisa. Na mahali alipokuwa anaanguka, karibu kila mara, palikuwa ni mimi nikimweleza tutakavyoishi akishastaafu.

Kwa kanuni za utafiti wetu, mshiriki ana haki ya kuonyeshwa alichokisema kabla ya mtu mwingine kukiona. Kwa hiyo jana, Jumamosi, alipotoka sokoni nilimketisha mezani nikamsomea. Nilisoma kwa sauti ya Bwana Wastani ili nisitetemeke. Alisikiliza mikono imelala mapajani. Nilipofika kwenye tatu nikasita, naye akanisaidia, "Tatu. Soma."

Nikamuuliza, "Mama, unataka kwenda?"

"Nitakwenda Mungu akipenda."

"Mungu tumwache kidogo. Wewe je?"

Akacheka, kisha hakucheka tena. Alisema, "Kaka yako nikimwambia siji atavunjika moyo. Wewe nikikwambia nakwenda utavunjika moyo. Sasa mimi niwaambie nini zaidi ya nzuri? Na wewe kila nikitaka kufungua mdomo unaniletea rangi."

Nikamwambia nilidhani anataka kupumzika. Akaniambia kitu ninachokuandikia kama alivyokisema, kwa sababu sitaki kukiharibu: "Nimefua vyeupe maisha yangu yote, mwanangu. Kila nikiona cheupe, kinanisubiri mimi. Nataka nikaone huo weupe unaoanguka wenyewe, usionisubiri niufue."

Alieleza mengine. Wajukuu anawapenda, lakini haji kuwa yaya, na ameniagiza nilitamke hilo wazi ili wewe na wifi msije mkapeana macho. Anataka kujua basi linapita wapi na kulipanda peke yake. Anataka kupotea, alisema hivyo, apotee kidogo kisha aulize njia kwa ile lugha yenu. Wewe umewahi kumwona Mama anataka kitu chake mwenyewe? Mimi sijawahi. Nimesomea hamu na matumaini kwenye mihadhara na mitihani, na mwenye navyo alikuwa jikoni anaosha vikombe.

Halafu akanigeuzia kibao. "Na wewe, habari za masomo?" Nzuri, Mama. "Za chuo?" Salama. "Rafiki zako hawajambo?" Hawajambo. "Enhe," akasema, akanyamaza, na huyo mwanamke anajua kunyamaza, anatushinda darasa zima. Nilijitahidi. Nikaangalia kabati, nikaangalia paka. Kisha nikaangua kilio pale mezani kama mtoto, nikamwambia naogopa kufungua huu mlango jioni nikakuta hakuna aliyewasha taa. Kwamba tangu Baba alipofariki sijawahi kulala peke yangu humu. Hakuniambia nyamaza, wala usijali. Alinisubiri mpaka nikamaliza, akanifuta pua kwa ncha ya kanga yake, akasema, "Mimi pia naogopa. Ile ndege ikipaa, nani ameishika?" Tukacheka wote wawili na makamasi yetu.

Kwa hiyo Kaka, jibu lako lililonyooka ndilo hili: Mama anakuja. Anakuja kwa kupenda kwake. Aliyekuwa hataki aende ni mimi, nikatafuta sayansi ya kunisaidia kusema ni yeye.

Nina maombi machache. Uende ukampokee mwenyewe, usimtume mtu, hata kama lifti za mji mzima zimekwama. Mpe ufunguo wake wa mlango siku ile ile atakayofika. Usimkalishe kwenye kochi. Nimeshaona kochi linavyomfanya. Usimstaafishe mara ya pili. Na chumba chake usikipake rangi kabla hajafika, muulize yeye anataka rangi gani, na kama hataki rangi yoyote, basi.

Usinihofie. Dada wa zahanati anatafuta mahali pa kuishi karibu na chuo, na nimemwambia aje aone chumba wiki ijayo. Anakoroma, amekiri mwenyewe. Bado sijui nitaipokeaje nyumba bila Mama, na sijitabirii, nitakuandikia nikishaona. Leo nikipewa namba nitasema nne. Sijaitia chumvi wala sijaipunguza, na ni afadhali uijue ilivyo.

Mkatie tiketi, Kaka. Ya kwenda tu. Ya kurudi, kama itahitajika, tumwachie aitafute mwenyewe, maana sisi wawili tumeshampangia vya kutosha.

Nisalimie wifi, mwambie nampenda na namwonea huruma kidogo kwa mama mkwe mwenye mipango. Wabusu mapacha, kila mmoja kwa zamu yake wasije wakagombana. Fundi cherehani wa chini anakusalimu, na anauliza kama huko kwenu watu hupunguza nguo au hununua nyingine. Mama yuko hapa mlangoni sasa, kaniona naandika. Anakusalimu sana, anasema ni mzima wa afya.

Mungu akulinde na hizo mashine zako, akuponye mgongo, aifungue njia ya Mama na kumfikisha salama mikononi mwako.

Wako akupendaye, anayemfungia Mama sanduku huku analia,

Bi Kwa Nini.